Maswali Yenu: Sinn Féin Ilivyoacha Vita Ikaingia Serikalini

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi juu ya Michelle O'Neill wa chama cha Sinn Féin, ambaye tarehe 3 Februari 2024 alishika wadhifa wa Waziri Kiongozi wa Ireland ya Kaskazini. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka upande unaotaka Ireland yote iwe nchi moja kukalia kiti hicho, katika eneo ambalo mipaka yake ilichorwa miaka mia moja iliyopita kwa kusudi la kuhakikisha upande wake haupati wingi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote ziliuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: chama kilichohesabiwa kuwa mdomo wa watega mabomu wa IRA, jeshi la siri lililopigana na Uingereza, kiliwezaje kufika hapo? Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa na nimezaliwa baada ya vita hivyo kwisha. Naomba nieleweshwe: Sinn Féin na IRA ni kitu kimoja, au ni viwili? Na chama hiki kilitoka wapi? — Msomaji, Dodoma

Chama kilianzishwa Dublin mwaka 1905 na mwandishi wa habari Arthur Griffith, ambaye hakuwa mtu wa bunduki. Kilikuja kuwa cha umma baada ya maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, na katika uchaguzi wa 1918 kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ireland katika Bunge la London. Waliochaguliwa wakakataa kwenda London, na tarehe 21 Januari 1919 wale ambao hawakuwa gerezani wakaketi Dublin na kutangaza Bunge lao wenyewe, Dáil. Vita vya uhuru vikafuata, kisha ukaja mkataba wa Desemba 1921 uliozipa kaunti 26 serikali yake huku kaunti 6 za kaskazini-mashariki zikibaki chini ya Uingereza. Mkataba huo ndio uliokipasua chama, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1926 Éamon de Valera akatoka na watu wake kuunda chama cha Fianna Fáil, ambacho miaka sita baadaye kilikuwa serikalini. Ni vyema msomaji alikumbuke hili, kwa sababu vyama viwili vikubwa vilivyoitawala Dublin kwa zamu tangu wakati huo vyote vina mizizi katika Sinn Féin ya zamani. Kutoka handakini hadi wizarani kulikuwa kumeshafanywa na wengine kabla ya hawa tunaowazungumzia leo.

Waliobaki na jina walikuwa wachache na wakaidi, na kwa miongo kadhaa hawakuwa na uzito wowote. Kilichowafufua ni machafuko ya Kaskazini. Wakatoliki wa huko, ambao wengi wao walijiona Waireland, walikuwa chini ya utawala wa Waprotestanti waliotaka kubaki na Uingereza, na walibaguliwa katika nyumba za halmashauri, katika ajira na katika kura za serikali za mitaa, na walipoandamana kudai haki mwishoni mwa miaka ya 1960 walipigwa. Agosti 1969 jeshi la Uingereza likaingia mitaani. Ilipofika Desemba mwaka huo IRA, jeshi la siri la wanajamhuri (waliotaka Ireland yote iwe jamhuri moja huru), likagawanyika, na mwezi uliofuata chama nacho kikagawanyika vivyo hivyo. Tawi lililoitwa la muda ndilo lililoendesha vita vya miaka karibu 30 ambavyo viliua zaidi ya watu 3,500 kwa mikono ya pande zote, karibu nusu yao wakiuawa na IRA.

Sasa kuhusu umoja wao: katika miaka ya 1970 hakuna aliyekuwa na shaka nani mkubwa. Jeshi liliamua, na chama kikauza magazeti, kikachangisha fedha za familia za wafungwa na kusoma matamko. Viongozi wengi walikuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Martin McGuinness alikiri mbele ya tume ya uchunguzi kwamba mwaka 1972 alikuwa naibu kamanda wa IRA mjini Derry. Gerry Adams, aliyekuwa rais wa chama kuanzia 1983 hadi 2018, amekanusha siku zote kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa jeshi hilo, ingawa wengi waliokuwa nalo wamesema vinginevyo. Kwa hiyo jibu la haki ni kwamba vilikuwa vyombo viwili vyenye watu walewale kwa sehemu kubwa, na kisa chote cha mabadiliko ni kisa cha mtumishi aliyegeuka polepole kuwa bwana.

Mzee mmoja hapa kwetu husema kwamba Mwingereza aliyewapiga Mau Mau ndiye aliyepelekwa kuwapiga Waireland. Ni kweli au ni hadithi za kijiweni? — Msomaji, Nyeri

Mzee yuko karibu sana na ukweli. Frank Kitson alikuwa ofisa kijana nchini Kenya katika miaka ya 1950, na sifa yake ilitokana na vikundi bandia: wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa, wakirudishwa msituni wajifanye bado ni wenzao. Kati ya 1970 na 1972 ndiye aliyeongoza brigedi ya jeshi la Uingereza mjini Belfast. Jambo jingine ambalo Wakenya wa umri wa mzee huyo wangelitambua mara moja ni kuwekwa watu kizuizini bila kesi, kulikoanza huko Agosti 1971 na kuwakumba karibu Wakatoliki watupu. Kisha tarehe 30 Januari 1972 askari wa miavuli wakawapiga risasi waandamanaji wa Derry na kuua 13 siku hiyohiyo, na wa 14 akafa baadaye. Iliichukua serikali ya Uingereza hadi Juni 2010 kuomba radhi. Siku zile IRA haikuhitaji kutafuta vijana wa kujiunga, kwani walikuja wenyewe.

Mimi ni wakili. Ninachotaka kujua ni lini hasa watu hawa waligundua kwamba kura ina faida, maana wapiganaji kwa kawaida huidharau. — Msomaji, Mombasa

Bibi Wakili, tarehe ninayoweza kukutajia ni 9 Aprili 1981, na waliogundua hawakuwa wamekusudia kugundua chochote.

Wafungwa wa IRA walikuwa wamepokonywa hadhi ya wafungwa wa kisiasa kuanzia Machi 1976. Walikataa sare za gereza wakajifunika mablanketi, kisha wakakataa kuoga, na hatimaye wakasusia chakula. Bobby Sands, kijana wa miaka 27 (alikuwa na 26 alipoanza), aliacha kula tarehe 1 Machi 1981. Siku chache baadaye mbunge wa jimbo la Fermanagh na Tyrone Kusini akafariki dunia, jimbo likawa wazi, na wanajamhuri walioko nje wakafikiri: vipi tukimsimamisha mfungwa? Wagombea wengine wa upande wao walijiondoa ili kura zisigawanyike. Ikawa ni watu wawili tu, Sands akiwa kitandani katika hospitali ya gereza na mwanasiasa mkongwe wa upande wa Muungano na Uingereza. Sands akapata kura 30,493, mpinzani wake 29,046. Serikali ya Margaret Thatcher, iliyokuwa ikisema siku zote kwamba watu hawa ni wahalifu wasioungwa mkono na yeyote, ilijikuta na mbunge halali anayekufa njaa mikononi mwake. Alifariki tarehe 5 Mei, baada ya siku 66, na wenzake 9 wakamfuata. Bunge la London likaharakisha sheria ya kuzuia wafungwa wa vifungo virefu wasigombee, jambo ambalo nadhani wewe kama mwanasheria utaliona jinsi lilivyokiri ushindi wa upande wa pili. Agosti, katika uchaguzi wa kujaza nafasi ya marehemu, wakala wake wa uchaguzi akashinda kwa kura nyingi zaidi.

Mwishoni mwa mwaka huo, katika mkutano mkuu wa chama, Danny Morrison aliwauliza wajumbe kama yupo atakayepinga wakitwaa madaraka wakiwa na karatasi ya kura mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Hakuna aliyepinga. Mwaka 1982 wakapata viti 5 katika Baraza la Kaskazini, na 1983 Adams akawa mbunge wa Belfast Magharibi.

Lakini mikono hiyo miwili ilikuwa ikipigana yenyewe, na hapo ndipo ninapoona kiini cha mambo. Kila bomu lilichukua kura. Tarehe 8 Novemba 1987 bomu la IRA liliua watu 11 mjini Enniskillen, karibu wote raia, waliokusanyika kuwakumbuka waliokufa katika vita vikuu. Hata kabla ya hapo, katika uchaguzi wa Jamhuri ya Ireland, yaani zile kaunti 26, Februari mwaka huohuo, Sinn Féin ilipata chini ya asilimia 2 na haikuambulia kiti, na mwaka 1992 Adams alipoteza hata jimbo lake la Belfast. Chama kilikuwa kimefika dari, na lililozuia kisipande zaidi lilijulikana na kila mtu ndani yake, hata kama hakuna aliyelisema kwa sauti.

Ninaamini kwamba viongozi waliona hivyo. Lakini vijana wenye bunduki je? Mbona hawakuwageuka viongozi wao na kuwaua, kama ilivyotokea zamani? — Msomaji, Arusha

Hili ndilo swali bora kuliko yote tuliyoletewa, na ninaliomba nafasi.

Adams na McGuinness walikuwa wanafunzi wazuri wa historia yao wenyewe. Walijua kwamba kila aliyejaribu kuwatoa wanajamhuri vitani aliliacha jeshi nusunusu, na nusu iliyobaki ikamwita msaliti. Basi wakajiwekea kanuni ambayo hawakuiandika popote: hakuna hatua itakayochukuliwa kabla ya wengi kuwa tayari, na kila hatua ielezwe kuwa ni mbinu mpya ya vita vilevile.

Tazama mwaka 1986. Imani kuu ya chama ilikuwa kususia Bunge la Dublin, kwa hoja kwamba Bunge hilo ni tunda la mkataba wa usaliti. Viongozi walitaka imani hiyo iondolewe. Kabla ya mkutano mkuu wa chama uliofanyika Dublin mwanzoni mwa Novemba, IRA yenyewe ilikuwa imekutana kwa siri na kuridhia, kwa hiyo wajumbe waliingia ukumbini wakijua jeshi limekwisha kubariki. McGuinness akasimama akawahakikishia kwamba vita havitasimama hata siku moja kwa sababu ya uamuzi huo. Theluthi mbili zilihitajika, na kura zikawa 429 dhidi ya 161. Mzee Ruairí Ó Brádaigh, rais wa zamani wa chama, akatoka ukumbini na kikundi chake, akaunda chama kingine, na historia ikampita. Lakini alikuwa amesema wazi kwamba njia hiyo ingewafikisha Stormont, makao ya utawala wa Kaskazini waliyoyachukia kupita yote. Utabiri wake ulitimia neno kwa neno, na McGuinness, aliyewahakikishia wajumbe siku ile, ndiye aliyekuja kuwa waziri Stormont.

Je, viongozi walijua? Kwa maoni yangu walijua zaidi ya walivyosema na pungufu ya walivyodai baadaye. Tangu 1988 Adams alikuwa akikutana na John Hume, kiongozi wa chama cha wazalendo wasiotumia silaha, kwa juhudi za padri Alec Reid wa Belfast. Kulikuwa pia na njia ya siri ya mawasiliano na serikali ya Uingereza, wakati serikali hiyo ikiapa hadharani kwamba haizungumzi na magaidi. Tena ilikuwa imepiga marufuku sauti za viongozi hao redioni na kwenye televisheni, kuanzia 1988 hadi 1994, kiasi kwamba watazamaji walimwona Adams akisogeza midomo huku mwigizaji aliyekodiwa akiyasoma maneno yake. Mwaka 1990 waziri wa London mwenye dhamana ya Kaskazini alitamka kwamba Uingereza haina maslahi yake ya kimkakati wala ya kiuchumi ya kubaki huko. Kauli hiyo iliwapa viongozi hoja ya kupeleka kwa wapiganaji: kama mkoloni mwenyewe anasema hana haja, basi aliyebaki kuzungumza naye ni jirani yetu Mprotestanti, na huyo hashindiki kwa bomu.

IRA ilisitisha mapigano tarehe 31 Agosti 1994. Serikali ya John Major ikataka silaha zianze kutolewa kabla ya Sinn Féin kuruhusiwa mezani, mvutano ukarefuka, na tarehe 9 Februari 1996 bomu kubwa likalipuka mashariki mwa London na kuua watu 2. Amani ilirudi Julai 1997, baada ya Tony Blair kuingia madarakani, na Mkataba wa Ijumaa Kuu ukafikiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998.

Sasa fikiri walichotakiwa kukimeza. Mkataba unasema Ireland ya Kaskazini itabaki ndani ya Uingereza mpaka wengi wa wakazi wake waamue vingine. Kwa watu walioua na kufa kwa kukataa jambo hilohilo, tonge lilikuwa kubwa. Lililowasaidia kulimeza ni kifungu cha wafungwa, kilichoahidi kwamba wafungwa wa makundi yaliyositisha vita wataachiwa katika miaka 2. Katika mkutano mkuu wa Mei 1998, wanaume wanne waliokamatwa London Desemba 1975 baada ya kushikilia mateka, na waliokuwa gerezani tangu hapo, walipewa ruhusa ya muda wakaingizwa ukumbini. Ukumbi ulisimama na kushangilia kwa dakika nyingi, huku jamaa za waliouawa nao wakitazama kwenye televisheni nchini Uingereza. Ilikuwa ni picha chungu, na kisiasa ilikuwa imepangwa kwa ustadi mkubwa, kwa sababu wanaume hao waliunga mkono mkataba. Nani angesimama mbele yao na kusema kwamba ni usaliti? Wajumbe 331 kati ya 350 wakakubali. Katika kura ya maoni ya tarehe 22 Mei, asilimia 71 ya wapiga kura wa Kaskazini waliridhia.

Silaha zilichukua miaka mingine saba, na hapa viongozi sitawasifu. Waliziachia kidogokidogo, kwa bei, kila kundi la bunduki likinunuliwa kwa jambo fulani kutoka London. Desemba 2004 benki moja mjini Belfast iliibiwa zaidi ya pauni milioni 26, polisi na serikali zote mbili, ya London na ya Dublin, zikaishutumu IRA, nayo ikakanusha. Mwezi uliofuata mwanamume mmoja, mfuasi wa chama hichohicho, alichomwa kisu nje ya baa na watu wa IRA, na dada zake wakapaza sauti mpaka wakapokewa Ikulu ya Marekani katika sherehe ambayo Adams hakualikwa. Baada ya aibu hiyo ndipo amri ya kuacha vita ilipotolewa, tarehe 28 Julai 2005. Silaha ziliharibiwa mbele ya jenerali wa Kanada, John de Chastelain, na mashahidi wawili wa dini, padri Reid na mchungaji Mmethodisti Harold Good. Ian Paisley, kiongozi wa Waprotestanti wakali, alitaka zipigwe picha. IRA ilikataa katakata, kwa kuwa bunduki zilizoharibiwa kimyakimya ni uamuzi wa mwenye nazo, ila zikipigwa picha zinakuwa nyara za mshindi.

Ngazi ya mwisho ilikuwa polisi. Januari 2007 mkutano mkuu ulikubali, kwa zaidi ya asilimia 90, kulitambua jeshi la polisi ambalo miaka michache nyuma mwanachama akionekana akizungumza nalo aliweza kupigwa risasi. Tarehe 8 Mei mwaka huo Paisley na McGuinness waliapishwa pamoja, mmoja Waziri Kiongozi na mwingine naibu wake. Mwaka 2012 McGuinness akampa mkono Malkia Elizabeth, ambaye jamaa yake Lord Mountbatten aliuawa na IRA mwaka 1979.

Si kwamba hakuna walioasi. Tarehe 15 Agosti 1998 kundi lililojitenga lilitega bomu mjini Omagh likaua watu 29, na vikundi vidogo vya namna hiyo vipo hadi leo. Lakini vilibaki vidogo, nami nadhani ni kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo askari wa kawaida aliambiwa ameshindwa.

Inasemekana Afrika Kusini ilisaidia. Kwa namna gani? — Msomaji, Bujumbura

Kwa namna mbili. Wajumbe wa ANC, akiwamo Cyril Ramaphosa, walikwenda Ireland mwaka 1998 kuzungumza na wanachama na hata na wafungwa, wakieleza jinsi wao walivyotoka vitani bila kuona wamejidhalilisha. Mtu wa IRA angeweza kumdharau waziri wa Uingereza, lakini hakuweza kumdharau mtu wa ANC. Kisha mwaka 2000 Ramaphosa na Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, walikubaliwa na IRA kukagua maghala kadhaa ya silaha na kuthibitisha kwamba hayajaguswa. Marekani nayo ilikuwa na nguvu ya aina nyingine: Bill Clinton alimpa Adams viza mwanzoni mwa 1994 licha ya hasira za London, na seneta wa zamani George Mitchell ndiye aliyeongoza mazungumzo yenyewe.

Hapa Uingereza naona Sinn Féin wana wabunge lakini hawaonekani Bungeni. Wanalipwa kwa kazi gani? — Msomaji, Leicester

Mshahara hawapokei. Wanapewa fedha za kuendeshea ofisi, na ofisi hizo zinahudumia wananchi kama za wabunge wengine. Hawaketi kwa sababu kuketi kunahitaji kula kiapo cha utii kwa Mfalme, na kwa sababu wanasema Bunge la London halina haki juu ya Ireland. Katika uchaguzi wa Julai 2024 walipata viti 7 kati ya 18 vya Kaskazini, idadi ileile ya 2017 na 2019. Wakati wa mvutano wa kujitoa Umoja wa Ulaya, serikali ilipokuwa ikiponea kura chache, watu wengi waliwasihi waende. Hawakwenda. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho kipande cha mwisho cha imani ya zamani, nao wanakitunza kwa sababu hakiwagharimu sana.

Mimi ni muuguzi Dublin, nimetoka Kenya. Wenzangu vijana kazini wanakipenda chama hiki, lakini wagonjwa wazee nikikitaja wananikunjia uso. Kwa nini? — Msomaji, Dublin

Wagonjwa wako wanakumbuka, dada. Wanamkumbuka polisi wa Jamhuri aliyepigwa risasi na IRA kijijini Adare, Juni 1996, katika jaribio la kuiba gari la fedha. Wenzako kazini wengi walikuwa bado watoto, na wanachokijua ni kodi ya nyumba.

Uchumi wa Jamhuri ulianguka mwaka 2008, nchi ikaomba mkopo wa dharura kutoka Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2010, na waliobanwa walitafuta chama ambacho hakikuhusika. Sinn Féin ilikuwa na mbunge 1 Dublin mwaka 1997, ikapata 14 mwaka 2011 na 37 mwaka 2020, ilipoongoza vyama vyote kwa asilimia 24.5 ya kura za chaguo la kwanza. Mwaka huo yenyewe haikuamini: ilikuwa imesimamisha wagombea 42 tu. Huko mpiga kura huandika 1, 2, 3 mbele ya majina, na kura zinazozidi kwa mshindi huhamia kwa chaguo linalofuata, hivyo kura za ziada za Sinn Féin ziliwainua wagombea wa vyama vingine vya mrengo wa kushoto. Kwa miaka mingi jambo lilikuwa kinyume, kwani watu wa vyama vingine hawakukiandikia hata namba ya mwisho.

Mahasimu wa karibu miaka mia, Fianna Fáil na Fine Gael, wakaungana kuunda serikali ili kukizuia. Novemba 2024 chama kilishuka hadi asilimia 19, ingawa kilipata viti 39 kwa kuwa Bunge limepanuliwa. Sehemu ya wapiga kura wake wa vitongoji maskini waliudhika kwa kuona hakina msimamo mkali juu ya wahamiaji, wakati wapiga kura wake wengine walikipenda kwa hilohilo. Ukiwa chama cha kawaida unapata na matatizo ya kawaida.

Je, waliouawa? Viongozi hawa wamewahi kuomba radhi? — Msomaji, Kampala

Julai 2002 IRA iliomba radhi kwa familia za raia iliowaua. Haikuomba radhi kwa vita vyenyewe, na chama hadi leo huwakumbuka wapiganaji wake kwa heshima makaburini, jambo linalowachoma jirani zao.

Jeraha baya zaidi ni la waliopotezwa, watu waliouawa na kuzikwa kwa siri. Desemba 1972 mjane mmoja wa Belfast, mama wa watoto 10, alitolewa nyumbani kwake mbele ya wanawe. IRA ilimtuhumu kuwa mpelelezi, na uchunguzi wa baadaye haukupata ushahidi wa hilo. Mabaki yake yaligunduliwa na wapita njia mwaka 2003 kwenye ufuko wa kaunti ya Louth, kaunti ambayo miaka minane baadaye ilimchagua Adams kuwa mbunge wake Dublin. Mwaka 2014 polisi walimhoji Adams kwa siku nne juu ya kesi hiyo, akakanusha kuhusika, na hakushtakiwa. Tume maalumu ya kutafuta mabaki iliundwa mwaka 1999, na baadhi ya waliopotezwa hawajapatikana hadi leo.

Mwisho wa yote, Ireland itakuwa moja? — Msomaji, Tanga

Kwa mujibu wa Mkataba wa 1998, waziri wa Uingereza anayesimamia Kaskazini lazima aitishe kura ya maoni ikiwa anaona inaelekea wengi watachagua umoja, na ikishindikana haiwezi kurudiwa kabla ya miaka 7. Upande wa Jamhuri nao lazima wakubali. Mary Lou McDonald, rais wa Sinn Féin tangu 2018, anataka kura hiyo ifanyike ifikapo 2030.

Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba Wakatoliki na waliolelewa Ukatoliki ni asilimia 45.7 Kaskazini, na Waprotestanti asilimia 43.5, lakini si kila Mkatoliki anataka umoja. Katika uchaguzi wa Baraza mwaka 2022 Sinn Féin ilipata viti 27 kati ya 90 ikawa ya kwanza, na hata hivyo O'Neill alisubiri karibu miaka miwili kwa sababu chama cha DUP cha Waprotestanti kilikataa kutoa naibu, na bila naibu mwenye madaraka sawa hakuna serikali. Chama cha tatu, Alliance, chenye viti 17, hakijiiti cha upande wowote. Kura ya umoja ikija, wapiga kura wa Alliance na wenzao wasiojitambulisha kwa upande wowote ndio watakaoiamua. Wanataka kujua nani atalipa pensheni zao, watoto wao watasoma kwa mitaala ipi, na kama wataanza kutoa fedha wakienda kumwona daktari, kama wanavyofanya wengi upande wa kusini, na hadi sasa Sinn Féin haijawapa majibu ya kuwatuliza.